Mstari Mmoja Kutoka Makutupora

Neema wa TEHAMA aliniambia niandike kurasa mbili tatu kwa ajili yenu mnaobaki masjala: kazi ilivyokuwa zamani, na jinsi ile programu yake ndogo mnayoiita "jirani" ilivyopatikana. Nilimwambia kurasa mbili hazimtoshi mtu aliyekaa katikati ya makabati kwa miaka thelathini na sita. Akacheka. "Basi andika zote, mzee. Wenyewe watatafuta wanachokitaka." Hilo ndilo ninaloliogopa, kwa hiyo nawaomba msome kuanzia juu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilipata vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo wenu.

Nilimaliza kidato cha nne Kondoa, nikaja Dodoma na begi moja na barua ya kuitwa kazini. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Kufikia saa nne lilikuwa limeshika rangi ya vumbi la makabati, na msimamizi wa masjala, Mzee Yona, akaniambia kwamba sasa nafanana na mfanyakazi. Mzee Yona alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata mwezi wa kumi na moja, wakati sisi wengine tunajipepea kwa majalada. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alikuwa anauliza swali.

Asubuhi hiyo alinituma. "Kijana, niletee folio ya kumi na nne, jalada la visima."

Kwa mtakaosoma hili ofisi ikiwa haina tena karatasi: kila barua inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa mpangilio wa kufika kwake, na hiyo ndiyo folio. Mimi nilifungua jalada, nikatoa ule uzi, nikachomoa karatasi ya kumi na nne, nikampelekea kwa mikono miwili kwa adabu zote za Kondoa.

Akaigeuza mbele na nyuma. "Hiki nini?"

"Folio ya kumi na nne, mzee."

"Umeniletea mguu. Ng'ombe yuko wapi?"

Chumba kizima kilicheka. Nilirudi kuleta jalada lote. Akanikalisha kwenye kigoda pembeni ya meza yake na kunionyesha namna alivyotaka tusome. Ukiombwa folio ya kumi na nne, soma kwanza ya kumi na tatu, halafu ya kumi na nne, halafu ya kumi na tano. Ukiombwa jina lililo kwenye orodha, weka kidole juu ya jina, ukipandishe taratibu mpaka ukutane na kichwa cha orodha, ndipo ushuke na jibu. Hata mkuu wa ofisi alipotaka karatasi moja tu, Mzee Yona alimpelekea jalada lote likiwa na alama ya karatasi. Wakubwa walilalamika kwamba masjala inawachelewesha. Yeye alisema wakitaka haraka waende kituo cha mabasi.

Miaka yangu ya mwanzo kanuni hiyo niliishika vizuri, na ilinipatia jina zuri mara moja. Alikuja mtu kutoka Gulwe, amepanda treni na barua yetu ameikunja ndani ya kofia. Barua ilisema: "Ombi lako limekubaliwa." Alikuwa anadai eneo karibu na reli, na jirani yake alikuwa amekwisha kulima hapo. Barua ilikuwa ya kweli, mhuri wa kweli, sahihi ya kweli. Mwenzangu alitaka kuandika kwamba eneo ni lake. Nikafungua jalada, nikapanda folio moja juu. Ombi lenyewe lililokubaliwa lilikuwa la kufungua kilabu cha pombe.

Nilimwonyesha. Akaisoma mara mbili, akavaa kofia yake.

"Sasa bwana karani," akasema, "mlinikubalia kilabu. Mlidhani nitakitundika hewani?"

Mzee Yona alicheka mpaka akavua miwani. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka ndani ya saa za kazi. Alistaafu muda si mrefu baadaye, akarudi Mpwapwa na sweta lake, na kiti chake nikakikalia mimi.

Kompyuta zilikuja ofisini mimi nikiwa tayari na mvi. Zilikuwa mbili, zilizotumika kabla, na fundi aliyezileta alikuwa ameziwekea mfumo wa bure usiohitaji leseni. Ile ya masjala haikuwa hata na vipicha vya kubofya. Unawasha, unaona skrini nyeusi na kijimstari kinachokonyeza, unaandika amri, nayo inakujibu kwa maandishi. Kazi yetu ilikuwa kuchapa mihtasari ya zamani yote, kikao baada ya kikao, na kuihifadhi katika mafaili ya maandishi matupu. Tulichapa kwa miaka mitatu, watu watatu, vidole sita kwa jumla. Vitabu vya karatasi vikafungwa mafurushi na kupelekwa stoo yetu ya Chang'ombe, na ufunguo nikapewa mimi.

Fundi yule alitufundisha amri moja ya kutafuta. Unaandika amri, unaandika jina, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta inapita kwenye mafaili yote na kukuletea kila mstari wenye jina hilo, ukitanguliwa na jina la faili ulimotoka. Niliinakili amri hiyo kwenye kipande cha boksi la chai, nikakibandika pembeni ya skrini. Jambo lililokuwa linatuchukua asubuhi nzima likawa la sekunde tatu. Watu wa ofisi za jirani walikuja kuangalia. Wakaanza kuniita Mzee Sekunde Tatu, nami nikajifanya silipendi jina hilo.

Sasa nitaje kosa langu, na nitalitaja taratibu, kwa sababu lilitokea haraka mno.

Miaka ya nyuma palikuwa na kikao kuhusu mashamba ya zabibu upande wa Makutupora. Sehemu ya eneo ilikuwa ipangwe upya. Wenye mashamba wengine walikubali kuhama wakapewa mashamba mbadala. Wengine, baada ya upimaji kurudiwa, walionekana wako nje ya eneo hilo, wakaachwa walipo. Muhtasari wa kikao ulikuwa na orodha mbili, moja ikifuata nyingine. Mimi ndiye niliyeuchapa. Na mimi ndiye niliyelipa faili jina. Kwa kuwa kikao kilizungumzia kuhama, nililiita "kuhama_makutupora".

Baada ya muda mrefu kupita, mtu mmoja aliomba apewe shamba lililokuwa na mizabibu, la mjane aitwaye Tabitha Mlewa, kwa maelezo kwamba mwenyewe alikwisha kuhamishwa ila alirudi kinyemela. Idara ya mipango ikaniletea dokezo: masjala ithibitishe. Nikaandika jina. Sekunde tatu. Kwenye skrini ukaja mstari mmoja:

kuhama_makutupora: 11. Tabitha Mlewa, ekari moja na nusu

Nilisoma "kuhama", nikasoma "Tabitha Mlewa", nikaridhika. Kitabu kilikuwa Chang'ombe, jua la saa saba lilikuwa kali, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikunyanyuka. Nikaandika: "Mhusika alikubali kuhama na alipewa shamba mbadala." Nikatia sahihi. Dokezo likaondoka, na kwa dokezo hilo mama akaandikiwa barua ya kuondoka shambani.

Alikuja dirishani kwangu baada ya wiki mbili, na barua hiyo mkononi. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mfupi, kilemba kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kupigana. Alinisalimu kwa Kigogo, nikaitikia kwa Kigogo changu cha kuunga.

"Wewe Mrangi," akasema, "ndiye uliyeandika kwamba mimi nimehama?"

"Si mimi, mama. Ni kumbukumbu za ofisi."

"Kumbukumbu zimeniona nikihama? Nilibeba nini kichwani?"

"Ulipewa shamba mbadala."

"Liko wapi hilo mbadala? Nionyeshe, nikalimwagilie."

Nikamgeuzia skrini aone. Akausoma ule mstari kwa sauti, neno kwa neno, kwa maana alikuwa amesoma. Akasema, "Jina ni langu. Lakini siku ile tulisomewa majina mara mbili, baba. Wa kwanza wakatoka nje, wakaenda na gari kuonyeshwa mashamba. Sisi wa mara ya pili tulibaki ndani, tukaambiwa twende nyumbani."

Niliyasikia maneno hayo vizuri. Hata leo nayasikia. Alikuwa ananieleza waziwazi kwamba orodha zilikuwa mbili, na mimi niliyezichapa zote mbili kwa vidole vyangu nikamjibu hivi: "Mama, kompyuta haina sababu ya kukudanganya. Labda mbadala ulipewa, ukaliuza, ukasahau."

Hakupiga kelele. Alikunja barua yake akaitia kwenye kanga. "Nimezaa watoto watano na sijasahau hata mmoja," akasema. "Nitasahau shamba?" Akaondoka.

Ameniambia baadaye kwamba maneno ya kuhama hayakumuuma kama yale ya kuuza. Ile mizabibu aliipanda na marehemu mume wake, Baba Eliya, wakibeba maji kwa ndoo miaka miwili ya mwanzo. Shamba alipewa yule mwombaji, ambaye hakuwa na haja na zabibu. Alishusha tofali pembeni kwa ajili ya nyumba, akaiacha mizabibu itambae chini. Mama Eliya alihamia kwa binti yake Chang'ombe, akawa anauza karanga barazani. Kila msimu wa kuvuna alikuja dirishani kwangu. Alisimama, akauliza, "Bado nimehama?" Nami nikasema, "Bado, mama." Alikuja mara nne. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hesabu mnaipata.

Neema aliletwa kwetu mwaka wangu wa mwisho. Binti wa chuo, msemaji, anayetembea na kompyuta yake mgongoni kama mtoto. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, halafu jicho lake likaangukia kwenye boksi la chai.

"Mzee, hii ndiyo amri unayotumia?"

"Miaka yote. Sekunde tatu."

"Inakupa mstari mmoja tu?"

"Mstari ndio ninaoutaka."

Akavuta kiti. "Sasa mzee, mimi nikisikia mtu barabarani anasema 'amekufa', nikakimbia kuja kukwambia 'amekufa', utafanya nini?"

"Nitauliza nani."

"Mstari wa juu huo. Halafu?"

"Nitauliza anazikwa lini."

"Mstari wa chini huo. Mbona kompyuta huiulizi?"

Mkaidi hakosi jibu, nami nilikuwa nalo. Nilimwambia kwamba kompyuta zamani ilikuwa inajibu, haibishani. Lakini moyoni niliona kitu kikinikwaruza, na nilijua ni kidole cha nani.

Alitengeneza programu yake ndani ya siku mbili. Akaiita "jirani". Inatafuta neno kama ile ya zamani, ila unaiambia ikupe mistari mingapi ya juu na mingapi ya chini. Mstari wenye neno lako huwekewa mshale, mistari mingine hupewa namba tu. Neno likipatikana mahali pawili, vipande hutenganishwa kwa vistari vitatu. Hapo niwaonye, kwa maana nimeona mnavyokosea: vile vistari vitatu ni ukuta. Mstari wa chini ya ukuta unaweza kuwa wa kikao kingine, mwaka mwingine, wilaya nyingine. Mmoja wenu, simtaji, alisoma akivuka ukuta akataka kumwandikia mtu barua ya kumpongeza kwa kufiwa.

"Nipe jina lolote tulijaribu," Neema akasema. "Jina unalolitafuta mara kwa mara."

Mama Eliya alikuwa amekuja wiki hiyo, mara ya nne. Nikasema, "Tabitha Mlewa." Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu jina ambalo nimelizoea.

Neema akaomba mistari mitano juu na mitano chini. Yakaja majina matano, mshale kwenye namba kumi na moja, kisha majina matano. Hakuna kingine.

"Jirani zake ni watu tu," nikamwambia. "Umefanya kazi siku mbili kuniletea watu kumi ambao sikuwauliza."

Alijaribu mistari kumi. Majina. Juu kabisa ilionekana namba moja, na hapo mistari ikaisha. Ndipo nilipoona jambo dogo. Namba moja. Mimi nilikuwa nakumbuka kwamba waliohama walikuwa watu wengi, zaidi ya thelathini, na orodha yao ilianza mwanzo kabisa wa muhtasari, chini tu ya mahudhurio. Hii namba moja ilikuwa mstari wa sitini na kitu ndani ya faili. Neema alikuwa ameshaanza kufungua kitu kingine.

"Subiri," nikasema. "Hiki kidude chako hakiwezi kupanda chenyewe mpaka kikute kichwa?"

"Kichwa kitakijuaje?"

"Vichwa vyote tulichapa kwa herufi kubwa. Tulikubaliana hivyo."

Akanitazama. "Vyote? Una hakika?"

"Binti, nimechapa mimi."

Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Akasema hilo halikumjia, kwamba kuhesabu mistari hakutoshi kwa orodha, lazima programu ijue orodha inaanzia wapi. Akaandika pale pale, mimi nikichemsha chai na kumwekea sukari nyingi kuliko kawaida. Vikombe vilipokuwa nusu akabonyeza kitufe. Safari hii kilikuja kichwa kwanza, halafu vinukta, halafu mstari wenye mshale:

ORODHA YA PILI: WANAOBAKI KATIKA MASHAMBA YAO

11. Tabitha Mlewa, ekari moja na nusu

Neema aliruka kwenye kiti. "Inafanya kazi, mzee! Umeona? Wazo lako limefanya kazi!"

Nilimwomba anyamaze kidogo. Nikamwomba arudie, akarudia. Kikaja kilekile. Nikachukua ufunguo mfukoni, nikatoka, nikapanda bodaboda hadi stoo ya Chang'ombe. Niliupata muhtasari katika furushi la tatu. Kichwa cha orodha ya pili kilikuwa kimepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Kwenda, kutafuta na kurudi kulinichukua dakika arobaini. Hizo ndizo dakika nilizozikwepa siku ile ya jua kali.

Mkuu wetu wa ofisi wakati huo alikuwa Bwana Method, mtu mwema asiyependa fujo. Alisoma ukurasa, akasoma dokezo langu la zamani, akavuta pumzi. "Mzee Salimu, umebakiza miezi saba," akasema. "Andika kwamba ni hitilafu ya mfumo. Mama atarudishiwa shamba, wewe utaondoka kwa amani. Kompyuta haina mke, haina pensheni, haina haya."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa palepale. Sikukataa. Nilikwenda nikaandika dokezo zuri kabisa la hitilafu ya mfumo, nikampelekea Neema alihakiki kwa kuwa yeye ndiye mwenye mfumo. Alilisoma akiwa amesimama.

"Sawa mzee," akasema, na furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Ila ukiandika mfumo ndio uliokosea, watauzima. Na 'jirani' itazimwa nao. Halafu nani atawaangalia wale wengine wa orodha ya pili uliowatafuta kwa sekunde tatu?"

"Si wengi."

"Wangapi?"

Sikujua. Ndilo lililonishinda. Sikujua. Tulikaa mchana ule tukapitia madokezo yangu yote yaliyotoka kwenye orodha, moja moja. Tulikuta mengine mawili ya kosa lilelile. Kwa bahati hao wawili walikuwa hawajaandikiwa barua. Majalada yao yalikuwa yamekwama kwenye meza ya mtu mvivu kuliko mimi, Mungu ambariki.

Nililichana dokezo la kwanza. La pili lilikuwa fupi: "Kosa ni langu. Nilisoma mstari mmoja bila kusoma kichwa cha orodha. Mhusika alisema kweli na sikumsikiliza. Mfumo hauna hitilafu." Bwana Method alilisoma, akatikisa kichwa, akalitia sahihi. Nilipewa barua ya onyo, imo kwenye jalada langu binafsi. Mtakaoitafuta, tafadhali someni na folio iliyotangulia.

Shamba lilirudishwa baada ya vikao vitatu. Yule mwombaji alilalamika, akapewa muda wa kuhamisha tofali zake. Mimi nilistaafu mwezi uliofuata, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Lakini kwa Mama Eliya sikuwa nimekwenda. Barua ya kurudishiwa alipelekewa na mtumishi wa ofisi. Nilijiambia kwamba nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo zikawa tano. Ni rahisi kukiri kosa kwenye karatasi inayosomwa na bosi. Kulikiri mbele ya mwenye shamba ni kitu kingine.

Nilikwenda Jumamosi moja asubuhi. Nilimkuta kati ya safu za mizabibu, au niseme kati ya vilivyobaki. Waya zilikuwa zimeibwa. Vigingi nusu vimeliwa na mchwa. Mizabibu ilikuwa imetambaa chini ikasokotana na magugu, mashina mazito, matawi kama kamba za zamani. Nilihesabu safu kumi na sita.

"Karibu," akasema bila kuinuka. "Umekuja kuniambia nimehama tena?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mama Eliya. Ulinieleza ukweli nikakuambia uliuza. Nilisoma mstari mmoja nikaona nimemaliza. Uliyoyapoteza siwezi kuyarudisha."

Akajiinua taratibu, mkono kiunoni. Alinitazama kwa muda, kuanzia viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kustaafu, vyeusi vinavyong'aa.

"Misimu minne," akasema.

"Misimu minne."

"Umewahi kupogoa mzabibu, wewe?"

"Sijawahi."

"Kondoa mnalima nini siku hizi?"

"Mimi sijalima. Nilikuwa karani."

"Naona." Akachukua mkasi wa kupogolea, akaufuta kwa kanga, akanishika mkono na kuuweka kiganjani mwangu. "Hii mizabibu haijafa. Ikikatwa vizuri itatoa machipukizi mapya. Mimi mgongo wangu haufiki mwisho wa shamba. Msimu mmoja, safu moja. Utanipogolea safu nne, halafu tutazungumza habari za radhi."

"Na zile nyingine kumi na mbili?"

"Hizo anazifanya Eliya. Yeye hakuandika dokezo."

Basi nikavua viatu vile, nikakunja suruali. Alinifundisha hatua kwa hatua, na niwaambie, ni mwalimu mkali kuliko Mzee Yona. Haruhusiwi mtu kukata tawi kabla ya kulifuata kwa mkono mpaka kwenye shina, aone limetoka wapi, ndipo ahesabu macho mawili, yale yanayochipua, na kukata. Nilikata tawi moja bila kulifuata. Akalia kama nimemkata yeye.

Tangu siku hiyo ninakwenda kila Jumamosi. Mke wangu anasema sijawahi kuwahi kazini hivi hata nilipokuwa nalipwa. Safu ya kwanza imekubaliwa na imeshachipua, majani mapana ya kijani kwenye waya mpya. Ya tatu ilikubaliwa wiki iliyopita, baada ya ukaguzi mrefu. Ya nne ninaianza Jumamosi hii. Ya pili, Mama Eliya anasema niliikata fupi mno, haihesabiki, niirudie.